Tembe Mmoja wa Bibi Sikuzani

Hapo zamani... Sogeeni, sogeeni, ila msisukumane. Na wewe wa nyuma, shusha huo mkono. Huyu kuku niliyempakata hapendi mikono inayotoka juu. Mkimshtua ataruka, na akiruka yeye, hadithi nayo imeruka. Tumeelewana? Haya.

Hapo zamani, basi, palikuwa na mwanamke akiitwa Bibi Sikuzani, na Bibi Sikuzani alikuwa na kuku. Watu wana kuku wa kula, wana kuku wa kupokelea wageni. Yeye alikuwa na kuku wa mama yake. Siku alipoolewa, mama yake alimpa tembe mmoja, jike mchanga ambaye hajaanza kutaga, wa kishingo, shingo wazi nyekundu isiyo na unyoya hata wa dawa. Tembe akazaa, watoto wake wakazaa, wajukuu wakazaa. Kwa miaka arobaini shingo nyekundu hazikukosekana katika ua ule. Watu wakimwuliza mbona anawang'ang'ania hivyo, alijibu, "Mama hakuniachia picha. Aliniachia kuku."

Mwaka mmoja ukaja mdondo, ule ugonjwa unaoingia bandani asubuhi na kutoka jioni umemaliza. Kuku kumi na sita. Kesho yake wanne. Kesho kutwa hakuna.

Jirani yake, Mchopa, alikuwa mtani wake. Akaja na jembe begani. "Mtani, nimekuja kuzika. Supu ya matanga iko wapi?" Siku nyingine Bibi Sikuzani angemrushia mwiko. Siku hiyo hakuinua hata uso. Mchopa akaona haya, akachimba shimo, akawafukia kuku wote.

Ndipo Bibi Sikuzani akakumbuka. Kijiji cha mbali, kwa dada yake, alipata kupeleka jike mmoja wa uzao ule. Akamwita Somoe, binti yake wa mwisho. "Mwanangu, panda baiskeli. Niletee yule kuku."

Somoe akaenda. Akampata. Mzee kidogo, lakini mzima. Akamfunga miguu kwa uzi wa gunia, akamning'iniza kwenye usukani wa baiskeli, kichwa chini, akakanyaga mpaka nyumbani, mashimo kwa makorongo, kutwa nzima juani. Msigune! Nani kati yenu hajabeba kuku hivyo? Wewe? Wewe? Basi tuendelee.

Alipofika, akakata fundo, akamwachia. Kuku akalala ubavu kwa muda, akainuka, akamtazama Somoe, akapaa. Tangu siku ile, mkono ukiinuka, kuku yuko juu. Wa kumpa maji, mkono ukiinuka, kuku yuko juu. Wa kumwita kwa mtama, mkono ukiinuka... semeni wenyewe. Ndiyo. Juu. Usiku alilala kileleni mwa mkwaju, kwenye vitawi vyembamba ambavyo hata kima angefikiri mara mbili.

Bwana mifugo akapita, akatazama juu. "Bibi, miezi miwili ijayo nakuja na dawa ya mdondo. Tone moja la jichoni, basi. Aliyeshikwa nitamtia. Aliye juu ya mti simkimbizi, na chupa ikifunguliwa haingoji mtu. Msimu huu mdondo utarudi."

Bibi Sikuzani akaingia ndani, akalia. Kuku alikuwa mmoja. Akifa yule, mama yake amekufa mara ya pili.

Sasa sikilizeni watu watatu walivyofanya.

Wa kwanza ni Asumini, mkamwana wake, mke wa mwanawe mkubwa. Asumini alikuwa mtu wa maneno machache na mikeka mingi. Alichukua ukili wake, akaketi chini ya mkwaju, akampa kuku mgongo, akasuka. Hakumwita. Hakumtupia kitu. Hakumtazama. Siku ya kwanza kuku akabaki juu. Siku ya pili akabaki juu. Siku ya tano akashuka tawi moja. Asumini akasuka. Siku ya tisa akashuka chini, mbali, karibu na kinu. Asumini akasuka. Siku ya kumi na nne akaja akadonoa ncha ya ukili. Moyo ulimdunda Asumini mpaka akahesabu vibaya nyuzi zake, lakini hakugeuka. Mkeka ule mpaka leo una kosa pembeni.

Wa pili ni Mchopa. Alimwona kuku anatembea chini, akaenda kwenye kichuguu, akachimba mchwa, akajaza kibuyu. Akaja, akalala kifudifudi mavumbini, mtu mzima mwenye mvi, akauweka mkono chini, kiganja juu, mchwa ndani.

"Mtani, umelewa?" Bibi Sikuzani akauliza.

"Mwewe anatoka juu, mtani. Mkono wa juu ni mwewe. Mimi leo ni ardhi. Ardhi haimkamati mtu."

Alilala pale kila asubuhi. Mchwa walimng'ata yeye kwanza, maana kuku alichelewa. Siku nane walimng'ata. Siku ya tisa kuku akanyoosha ile shingo nyekundu, akala kiganjani. Mchopa hakukikunja kiganja. Angeweza kumkamata mguu, ndiyo, lakini hakukikunja.

Na hapo, akiwa amelala chini na macho yake sawa na miguu ya kuku, akaona kitu. Uzi. Kipande cha uzi wa gunia kilibaki mguuni tangu siku ya baiskeli. Kimezama kwenye nyama, na mguu umevimba kama muhogo. Muda wote ule kuku alikuwa anaumwa, nao walidhani ni woga tu.

"Usipokatwa huo uzi, mguu utaoza," Mchopa akasema. "Lazima ashikwe."

Asumini akasema, "Mimi sijamgusa hata siku moja. Ndiyo maana anakuja. Nikimgusa leo nimeharibu."

Mchopa akasema, "Mikono yangu ni ya jembe. Itamvunja."

Somoe alikuwa amesimama mlangoni. Wiki zote zile alikuwa akipita pembeni pembeni, kwa sababu kuku akimwona tu anapaa. Akasema, "Uzi ni wangu."

Huyo ndiye wa tatu. Akapiga magoti, akasogea akiwa amepiga magoti vilevile, kidogo, kidogo. Asumini akasuka, Mchopa akaweka mchwa. Somoe akapitisha mkono kwa chini, chini ya kifua, akamwinua kuku polepole, akamkumbatia tumboni, akamfunika macho kwa ncha ya kanga. Kuku akapiga mabawa mara moja. Somoe hakumbana, hakumwachia. Akakaa. Ule moyo mdogo ulikwenda mbio chini ya vidole vyake, naye akaungoja. Hakugusa mguu mpaka moyo ulipotulia. Kisha akachukua wembe, akakata uzi, kipande kwa kipande, machozi yakimdondokea kuku mabawani. Akapaka samli. Na alipomaliza hakumtupa chini kama tunavyotupa sisi. Akamshusha mpaka miguu yote miwili ikakanyaga, ndipo akaondoa mikono.

Kuku akasimama. Akawatazama wote watatu. Akapaa mkwajuni.

"Basi," akasema Somoe. "Nimemaliza kumwua."

Siku ya kwanza kuku hakushuka. Siku ya pili hakushuka. Siku ya tatu, miezi miwili ikiwa imetimia, bwana mifugo akaja, kisanduku cha barafu mkononi, akafungua chupa. "Yuko wapi?"

Bibi Sikuzani alikuwa amekaa kizingitini, akaonyesha mkwajuni kwa kidevu. Asumini akaketi na ukili wake mahali pake pa kila siku, akampa mti mgongo. Mchopa akalala kifudifudi. Somoe akapiga magoti nyuma yao, mikono mapajani, viganja juu, na hakuthubutu hata kuinua macho.

Majani yakatikisika. Kuku akashuka. Akapita kando ya Asumini, akadonoa ukili. Akaenda kwa Mchopa, akala mchwa wawili, watatu. Kisha akatembea, akichechemea kidogo tu, akapanda mwenyewe mapajani kwa Somoe, akajikunyata, akafumba macho.

"Haya, jicho moja lifumbueni," akasema bwana mifugo, naye akinong'ona. Tone likaingia.

Bibi Sikuzani alishusha pumzi aliyokuwa ameishika tangu siku ya mazishi. Alicheka, akalia, akamrushia Mchopa mwiko. Mchopa akaudaka. "Ahsante, mtani. Nilianza kudhani hunipendi tena."

Mdondo ukaja kweli. Ukapita nyumba kwa nyumba. Kwa Bibi Sikuzani uligonga ukaenda zake. Bibi akaazima jogoo kwa dada yake, kuku akaingia katika tenga kuukuu jikoni, akataga mayai manane, akaatamia, yakaanguliwa yote. Shingo nane nyekundu! Zilipokua, jogoo, jogoo, jogoo, jogoo, jogoo, jogoo, jogoo. Na tembe mmoja. Mama yao alikuwa ameshazeeka. Hakutaga tena.

Bibi Sikuzani akawaita watatu wale, tembe akiwa katika kikapu. "Mama alinipa kwa mkono wake akiwa hai. Na mimi nataka kutoa kwa mkono wangu ningali hai. Semeni."

Asumini akasema, "Mama, mimi ndiye niliyemshusha mtini. Sikumtaka kitu, ndiyo maana akashuka. Bila mimi, mkono wa Mchopa ungemlisha nani? Mimi nimeolewa hapa kama wewe ulivyoolewa hapa. Mama yangu mimi hakuwa na kuku wa kunipa."

Mchopa akasema, "Hilo la kuolewa mimi siliwezi. Lakini mtani, kukaa ni kukaa tu, hata jiwe linakaa. Mimi ndiye niliyeugeuza mkono kutoka mwewe kuwa ardhi. Na ni mimi niliyeuona uzi. Asingeuona mtu aliyempa mgongo, wala aliyejificha mlangoni. Na banda langu ni tupu tangu mdondo ule wa kwanza. Sikukwambia kwa sababu ulikuwa na msiba wako."

Bibi Sikuzani akamtazama sana. Kweli, hakuwahi kumwuliza.

Somoe akasema, "Mimi ni binti, na kuku hawa hutoka kwa mama kwenda kwa binti. Lakini silidai hilo. Nasema hivi tu: ninyi mlimfundisha asiwaogope watu ambao hawakumfanya kitu. Mimi nilimfanya. Aliponipandia mapajani alijua ni nani. Sitabeba tena kuku kichwa chini mpaka nife. Nani mwingine kati yenu anaweza kuapa hivyo?"

Bibi Sikuzani akaanza kucheka, cheko la mtu aliyetua mzigo. "Mwaka jana nililia kwa sababu sina kuku wa kumpa mtu. Leo nina watu watatu, na kuku mmoja."

Mikono mitatu ikanyooka, yote kwa chini, yote viganja juu. Tembe akatoa shingo kikapuni, akaitazama yote. Yeye hakumjua yeyote bado. Mama yake alikuwa amejifunza, lakini yeye ilimbidi aanze mwanzo.

Bibi Sikuzani akatoa. Nani alipokea, najua, maana huyu niliyempakata ni kitukuu wa tembe yule. Itazameni shingo yake. Lakini sisemi. Nataka kuwasikia ninyi. Aliyengoja bila kugusa, aliyelisha bila kukamata, au aliyeumiza akarudi kwa magoti? Je, nani alistahili?

Jibuni. Lakini polepole, mmoja mmoja. Amelala.