Siwatu na Chungu cha Kura

Wenye masikio, sogeeni. Paliondokea Zimwi aliyeipenda mno sheria: kila mavuno aliitisha uchaguzi, mgombea akiwa yeye peke yake. Watu walitia punje katika chungu cha ajabu kisichojua kusema uongo, nacho kikanguruma, "Zimwi!" Mwaka wa kwanza, Zimwi. Wa pili, Zimwi. Wa tatu, Siwatu, aliyenyang'anywa kisima na Zimwi, akamsimamisha kaka yake. Chungu kikanguruma, "Kombo!"

Siwatu akakimbia na ndoo. "Kaka, twende ukafungue kisima!"

Kombo alikuwa mapajani mwa Zimwi, akipimwa joho.

"Taratibu, dada. Nimeamua kuunga mkono juhudi."

"Juhudi za nani, Kombo?"

"Za baba yetu huyu."

Akatabasamu. Meno ya zimwi yalishaanza kumwota.

Ngano yangu imekwisha. Siwatu bado ana kiu.