Kiazi na Sauti Mbili Ukunguni

Paukwa!

Pakawa!

Moto unawaka?

Unawaka!

Kila mtu ana masikio mangapi?

Mawili!

Basi yafungueni yote mawili, kwa maana ngano ya leo ikiingilia huku na kutokea kule, mate yangu yatakuwa yamekauka bure.

Hapo kale, kale ya mababu wa mababu zetu, wanyama walisema na watu wakawasikia. Siku hizi wanyama bado wanasema, ila sisi ndio tulioacha kusikiliza. Katika milima yenye baridi, milima ambayo ukungu huishukia mchana kweupe kama mgeni asiyebisha hodi, aliishi mchungaji mmoja jina lake Mwadime. Binti yake alipoolewa ng'ambo ya bonde, mahari ikaja: mbuzi wakaja, vibuyu vya asali vikaja, na mwisho wa msafara akaja kondoo jike mmoja mnene, mkia wake mnono ukipiga huku na huku. Alikuwa na mimba. Alikuwa na maringo pia.

Mwadime akamzunguka mara moja, akamzunguka mara mbili, akamzunguka mara tatu. Akasema, "Wewe ni Kiazi."

"Mimi?" akasema kondoo. "Kiazi?"

"Mviringo, mwekundu, umejaa udongo. Kiazi. Haya, ingia zizini."

Lo! Kondoo wa watu aliumia. Kwao hakuwa na jina lolote, maana walikuwa wengi mno, lakini angalau mchungaji wa kwao alijua kuimba. Jioni ikifika alisimama juu ya jabali, kila kondoo akimwona, akaimba kwa sauti laini:

Njoo wangu, njoo mwanangu,
nyasi mbichi ziko kwangu,
jua kali haliko kwangu.

Na Mwadime je? Huyo sauti yake ilikuwa kama jiwe la kusagia lisilo na nafaka. "Hirrr-yaa! Kiazi! Toka kwenye mahindi! Kobe, kaza mwendo! Kijiko, nikikushika utanitambua!" Asubuhi anafoka, mchana anafoka, jioni anafoka. Wakati mwingine hata usingizini alifoka, mkewe akamgeuza ubavu wa pili.

Kiazi akamwendea Kobe, kondoo mzee kuliko wote zizini. "Mama, huyu ndiye mchungaji?"

"Ndiye."

"Na hiyo ndiyo sauti yake?"

"Ndiyo hiyo hiyo. Mwaka jana nilitumbukia shimoni, mvua inanyesha, akashuka akanitoa kwa mabega yake."

"Akakuimbia?"

"Aimbe nini! Alinitukana njia nzima."

Kiazi akabinua mdomo, akaenda kula nyasi peke yake.

Sasa, kulikuwa na mtu mwingine aliyeupenda sana ule wimbo wa ng'ambo ya bonde. Nani? Semeni!

Fisi!

Mmejuaje? Ninyi watoto mna akili ya kutisha. Naam, Fisi. Alikuwa na mazoea ya kulala nyuma ya lile jabali la kule, akisubiri kondoo wa kuchelewa, na katika kusubiri akaukariri wimbo wote, neno kwa neno, pumzi kwa pumzi. Siku alipouona ule mkia mnono ukivuka bonde na mahari, akaufuata. Akajificha pangoni kwake akajizoeza kuimba, hata mkewe akashangaa. "Baba watoto, leo umeshiba nini mpaka unaimba?"

"Nyamaza, mke wangu," akasema Fisi. "Hiki ni kitoweo, ndicho ninachokipika."

Siku ya kwanza Kiazi alikuwa mteremkoni, roho inamwuma kwa ugeni. Mara kichakani akasikia:

Njoo wangu, njoo mwanangu,
nyasi mbichi ziko kwangu,
jua kali haliko kwangu.

Moyo wake ukaruka! Wa kwetu! Amenifuata! Akatimua mbio, mkia unapiga, masikio yanapepea, kichaka hicho kinakaribia, kinakaribia, kinakaribia...

"Hirrr-yaa! Kiazi! Huko hakuna kitu! Rudi!"

Jiwe likapita juu ya kichwa chake, likatua mbele ya pua yake, paa! Kiazi akageuka, akarudi analia kwa hasira. Na kule kichakani kuna mtu alimeza mate, na mate yakamkwama kooni.

Baada ya hapo Kiazi akazaa. Mtoto dume, mweusi tii, miguu inapishana kama ya mlevi. Mwadime akamwinua, akampuliza pua, akasema, "Mdogo hivi? Huyu ni Punje."

"Kiazi na Punje!" akalalamika mama mtu. "Hii ni familia au ni chungu cha makande?" Lakini alimlamba mwanawe mpaka akang'aa, na kuanzia siku hiyo alipenda kitu kimoja duniani kuliko roho yake mwenyewe.

Siku ya pili jua liliwaka mpaka mawe yakalia. Njiani kulikuwa na dimbwi, kando yake matete marefu. Kondoo wote wakanyoosha shingo. "Hirrr-yaa! Msinywe hapo! Maji yana ruba! Mbele kuna kijito!" Mwadime akatangulia, kundi likafuata. Kiazi alikuwa wa mwisho, na Punje nyuma yake akilia kiu. Mara kutoka kwenye matete ikaja ile sauti, laini, laini, laini:

Njoo wangu, njoo mwanangu,
nyasi mbichi ziko kwangu,
jua kali haliko kwangu.

Kiazi akachepuka. Hatua kwa hatua, yeye na mwanawe, mpaka matete yakamgusa pua. Akanusa. Mh! Harufu gani hii ya mifupa mizee? Kabla hajajijibu, mpini wa fimbo ukamnasa mguu wa nyuma, akaanguka chini, pu!

"Una wazimu?" Mwadime akafoka, jasho linamtiririka, maana alikuwa amerudi mbio njia yote.

"Niache! Naitwa na wa kwetu!"

"Wa kwenu yuko ng'ambo ya bonde."

"Nimemsikia kwa masikio yangu!"

"Umemwona?"

Kiazi akageuza macho kwenye matete. Akaburutwa hadi kijitoni, akanywa maji baridi huku amenuna. Lakini lile swali lilimganda kama kupe. Umemwona? Yule wa kwao aliimba juu ya jabali, kila mtu anamwona. Huyu mbona kila siku anaimba amejificha?

Na Fisi naye alikuwa akifikiri huko kwenye matete. "Sauti laini inamleta, sauti ya kukwaruza inamrudisha. Basi nitajifunza ile ya kukwaruza." Akajizoeza tena. Safari hii mkewe hakumwuliza kitu, alihama tu akaenda kulala kwa dada yake.

Siku ya tatu kundi lilikuwa juu kabisa mlimani. Ukungu ukaja. Haukuja polepole, watoto, ulikuja wote! Kiazi hakuiona miguu yake. Hakuuona mkia wake, na mkia ule si wa kukosa kuonekana. "Punje!" akaita. "Simama karibu yangu!"

Punje alikuwa mtoto wa kondoo, na mtoto wa kondoo akiambiwa simama, huruka. Akaruka ukunguni. Akatua kwenye ufa wa mwamba, akazama mpaka kifuani.

"Mama! Miguu haigusi chini!"

Kiazi akamshika sikio kwa meno, akavuta. Hatoki. Akamshika manyoya ya shingo, akavuta. Hatoki. Akachimba kwa kwato mpaka kwato zikauma, na mtoto hatoki. Hapo ndipo sauti ikaja kutoka chini ya mlima:

"Hirrr-yaa! Kiazi! Niko huku!"

Kiazi akainua kichwa. Na kutoka juu ya mlima ikaja sauti nyingine:

"Hirrr-yaa! Kiazi! Niko huku!"

Jamani! Mkwaruzo ule ule. Ukali ule ule. Jina lile lile, lile jina baya la shambani! Akageuka chini, akageuka juu, akageuka chini tena. Akimwita yule wa uongo amtoe mwanawe, Punje ataliwa kabla hajajua dunia ina ladha gani. Asipomwita yeyote, mwamba utammeza. Ukungu umeziba macho, na masikio, ambayo ndiyo aliyokuwa akijivunia, leo hayana msaada.

"Wote wawili wananiita niende," akajiambia. "Je, ni nani kati yao atakayekuja?"

Akavuta pumzi mpaka mbavu zikamuuma, akapiga ukelele ulioitikisa milima:

"Chui! Chui! Chui amenikamata, mimi na mwanangu!"

Uongo mtupu! Hapakuwa na chui. Naam, kondoo alisema uongo, na mimi simtetei, nasimulia tu.

Huko chini kukawa kimya. Kisha majani yakachakarika, mtu anarudi nyuma taratibu. Kisha sauti ikasema kwa mbali, na ule mkwaruzo wa Mwadime umeyeyuka wote: "Ah... pole sana, Kiazi. Hebu mwulize huyo bwana mkubwa, akishashiba, mkia ataubakiza?"

Na huko juu? Huko juu mawe yaliporomoka! Kitu kikavunjika, ka! Mtu akaanguka, akaamka, akaanguka tena. "Mwachie! Mwachie, mwizi mkubwa we! Kiazi, lia, nijue ulipo! Lia kwa nguvu! Nakuja! Nakuja! Nakuja!"

Kiazi akalia. Safari hii hakuhitaji kujifanya.

Ukungu ukapasuka, akatokea Mwadime. Kiatu kimoja hana. Goti linachuruzika damu. Fimbo yake imevunjika huko juu, na mikononi hana kitu, hana hata kijiti cha kumfukuzia kuku. Akasimama katikati ya Kiazi na ukungu, ngumi mbele. "Yuko wapi? Chui yuko wapi?"

"Hakuna chui, baba," akasema Kiazi. "Nimedanganya. Sauti zilikuwa mbili, nami sikujua ipi ni yako."

Mwadime akaketi chini, pwata. Kiazi akainamisha kichwa akingojea kipigo. Kipigo hakikuja. Alipoinua macho akamwona mchungaji wake anatetemeka, meno yanagongana kama vijiko ndani ya kapu.

"Chui namwogopa," akasema Mwadime. "Namwogopa tangu utoto wangu. Nikisikia jina lake tu, nafunga mlango mchana kweupe."

"Sasa mbona umekuja?"

Mwadime akamtazama kama mtu aliyeulizwa swali la kipumbavu. "Ningekaa vipi, na anayelia ni Kiazi?"

Ndugu zangu, mara ya kwanza tangu avuke bonde, lile jina lilimwingia Kiazi mpaka ndani. Alilia tena, na kilio hiki kilikuwa cha furaha.

Mwadime akalala kifudifudi juu ya mwamba, akatia mkono ufani, akatia na mkono wa pili, akavuta, akavuta, akavuta, na Punje akachomoka kama kizibo cha kibuyu. Akamweka mabegani. Akaita kundi kwa ile sauti yake, Kobe akaja, Kijiko akaja, wote wakaja. Wakaanza kushuka, yeye mbele, Kiazi nyuma yake, pua imegusa kisigino. Na mdomo wake haukupumzika: "Watoto gani hawa wasiosikia! Mama gani huyu! Kiatu changu kipya!" Kiazi alisikiliza kila neno.

Fisi aliposikia kwamba chui hakuwapo, aliuma kidole kwa majuto. Akapita njia ya mkato, akajificha nyuma ya mwamba, akaimba kwa utamu kuliko siku zote:

Njoo wangu, njoo mwanangu,
nyasi mbichi ziko kwangu,
jua kali haliko kwangu.

Punje akainua masikio huko begani. "Mama, mbona huyu anaimba vizuri sana?"

"Vizuri mno, mwanangu," akasema Kiazi. "Kaa hapo hapo ulipo."

Wakafika zizini wote, hakupotea hata mmoja.

Basi, wasikilizaji wangu, sauti huigwa. Jina huibiwa. Hata maneno matakatifu wapo wanaoyasema kwa lafudhi safi wakiwa na njaa ya mkia wako. Ukitaka kujua sauti ya kuiamini, usiulize inavyoimba. Angalia miguu ya mwenyewe siku unapolia. Ndiyo maana Bwana wetu hakujiita mwimbaji. Alijiita Mchungaji, kwa kuwa alishuka mwenyewe mpaka tulipokwama, na alitoka huko na majeraha.

Ngano yangu imeingia zizini, na mlango nimeufunga. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa haina chumvi, nirudishieni kesho niikoleze. Na wewe Mshoi, na wewe Mwandawiro, mnaochekea nyuma ya mgongo wangu: mkisikia sauti nyororo inawaambia sufuria zitaoshwa asubuhi, huyo ni Fisi. Yule anayefoka huko jikoni ndiye mama yenu. Haya, nendeni mbio!