Mkono Usiofanya Kazi

Wapendwa, kabla sijafungua Maandiko nataka niwapeleke mahali ambapo wengi wenu hamjawahi kulala. Nasema kulala, na ninyi wa nyuma msicheke.

Kulikuwa na mama mmoja mjane aliyesumbuliwa na mgongo. Alimeza vidonge, akajichua kwa mafuta ya nazi, akajifunga mkanda, wapi! Binti yake wa pekee, anayefanya kazi mji wa mbali, akasikia habari za mwanamke mmoja asiyeona aliyefundishwa tiba ya Kijapani iitwayo shiatsu, yaani kubonyeza kwa vidole. Akampigia simu mama yake: "Nimekupangia, mama. Kila Alhamisi. Usikose."

Sasa ninyi mnaokunja uso mkisikia neno masaji, tulieni. Huko hakuna kuvua nguo wala kupakana mafuta. Mama alilala kifudifudi juu ya godoro jembamba sakafuni, na gauni lake na soksi zake. Yule mtaalamu akapiga magoti kando, akaanza kubonyeza kwa dole gumba, taratibu, kutoka mabegani kushuka kiunoni. Hatumii nguvu. Anangoja mgonjwa atoe pumzi, ndipo anaegemeza uzito wa mwili wake. Lakini kuna jambo moja lililomshangaza mama. Mkono uliokuwa ukitembea ni mmoja tu. Wa pili ulitulia palepale mgongoni, haubonyezi wala hausugui.

"Samahani dada," mama akauliza, "huu mkono mwingine umechoka?"

Mtaalamu akacheka. "Hapana, mama. Wa kulia unatafuta maumivu. Huu unakaa na wewe wakati mwenzake anatafuta. Mwalimu wetu alituambia tuuite mkono wa mama."

Tangu mama amzike mumewe, miaka minne, ni nani aliyewahi kumwekea mkono mgongoni? Watu walimpa mkono mlangoni pa kanisa, kama sisi tunavyopeana pale, wakapita. Basi wiki ile akaanza kuingoja Alhamisi. Gauni alilipiga pasi tangu Jumatatu.

Miezi ikapita. Kila binti akipiga simu, "Mgongo vipi, mama?" jibu ni lilelile: "Bado mwanangu, bado kidogo." Binti akaingiwa na wasiwasi, akaomba ruhusa kazini, akaja kwa siku tatu. Alhamisi wakaenda wote wawili.

"Nifundishe na mimi," binti akamwambia mtaalamu. "Naona hali haibadiliki."

Mtaalamu akaushika mkono wa kushoto wa binti, akauweka katikati ya mgongo wa mama. "Huu usiuondoe," akasema. Kisha akamwonyesha jinsi ya kubonyeza kwa wa kulia.

Lakini binti alikuwa mchapakazi, kama wengi wenu hapa. Dakika mbili tu zikamtosha. "Huu haufanyi kitu," akasema. "Ngoja nitumie yote miwili, mama, upone haraka." Akauondoa.

Mama akaanza kulia, uso umezama godoroni.

"Nimekuumiza?"

"Hapana."

"Basi niambie panapouma."

"Hapaumi, mwanangu. Mgongo wangu ulipona tangu mwezi wa tatu."

"Ulipona? Sasa mbona kila siku unasema bado?"

"Ningesema nimepona, Alhamisi zingekwisha. Nilikuwa naufuata huo mkono uliouondoa."

Wapendwa, sisi ni watu wa mkono wa kulia. Mgonjwa tunampelekea uji, mfiwa tunampikia, tunaomba dakika tatu, tunaangalia saa, tunaaga. Ni mambo mema, siwakatazi. Lakini baada ya sufuria kuoshwa, nani anabaki? Mara ngapi umemuuliza mjane "unaendeleaje" huku umeshika kitasa cha mlango? Bwana wetu angeweza kumponya yule mwenye ukoma kwa neno tu, akiwa amesimama mbali. Alinyosha mkono akamgusa. Mnadhani kwa nini?

Nami siwahubirii kama mtu aliyeshinda. Mama yangu mzazi alikuwa na neno moja kila nilipoinuka kuaga: "Kaa kidogo." Nami nilimjibu, mama, nina ibada. Na kweli nilikuwa nayo, sikumdanganya. Sasa natamani kukaa mpaka kuchwe, nimsikie akilalamikia kuku wa jirani, nimwekee mkono huu hapa mgongoni. Nikienda kwake siku hizi nakuta majani yameota juu ya kaburi, nayang'oa, narudi.

Nilikuwa nimeandaa hoja tatu kwa ajili ya leo. Naziacha. Matangazo yamebandikwa mlangoni, mtayasoma wenyewe. Tusimame tupokee baraka, na mwenye mama aliye hai asipange foleni ya kunisalimu. Aende.