Nguchiro Aliyehamia Kimyani na Vyombo Vyake Vyote

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakijenga nyumba, wakifagia nyua na kugombania kivuli kama sisi, alikuwepo Bi Nguchiro. Sogeeni karibu. Na wewe unayechokoa ukindu, mkeka huo ni wangu, uache. Nasema alikuwepo Bi Nguchiro, mdogo wa umbo, mwepesi wa miguu, na mkia mrefu kuliko chumba alichopanga.

Chumba hicho kilikuwa Vurugani, jiji kubwa la wanyama. Akigeukia huku, mkia unagonga ukuta: ko! Akigeukia kule: ko! Nyuma ya ukuta aliishi Panya, na ukuta wenyewe mwembamba, basi Panya akipiga chafya Nguchiro anamjibu palepale, "Afya, jirani!" Na Nguchiro akipiga chafya, Panya naye, "Afya!"

Usiku popo wanapiga ngoma. Alfajiri majogoo wanatukanana. Kisimani foleni, sokoni foleni, hata kuota jua foleni!

"Basi! Nimechoka!" akasema Nguchiro siku moja. "Nahama!"

"Unahamia wapi?" Panya akauliza kutoka nyuma ya ukuta.

"Kimyani. Kamji kadogo, nyuma ya vilima. Nyumba kubwa, uani kuna mpapai, na maji hayana foleni."

"Na huko una nani?"

"Nani wa nini? Mimi nakwenda kupumzika mbali na watu, wewe unaniuliza nina nani!"

Nguchiro akafungasha. Chungu, kinu, mchi, ungo, kiberiti, chumvi, vyote akavishindilia ndani ya sanduku moja kubwa, asije akamsumbua mtu huko aendako. Vurugani ndivyo walivyolelewa. Mstaarabu hagongi mlango wa mwenzake kuomba kitu.

Akafika Kimyani. Na kweli, wanangu, hakudanganywa. Nyumba pana, hewa safi, mapapai yanaanguka yenyewe: pu! Akageuza mkia huku, haukugonga kitu. Akageuza kule, haukugonga kitu. Akacheka peke yake.

Hajamaliza kufagia, mara akasikia, "Hodi! Hodi hapa!"

Alikuwa Mama Nungunungu, jirani wa mkono wa kulia. Mkononi ana kigae, na juu ya kigae kaa la moto.

"Karibu Kimyani, dada. Nimekuletea moto."

"Oo, ahsante sana," akasema Nguchiro kwa adabu zote za Vurugani. "Lakini ninacho kiberiti. Ninavyo vyote, usijisumbue kabisa."

Mama Nungunungu akamtazama. Akalitazama kaa lake. "Haya," akasema. Akageuka na moto wake akarudi nao nyumbani.

Mmeona? Huyu alidhani amefanya uungwana, na yule akaona amefukuzwa mlangoni. Jioni ile Kimyani nzima ilishapata habari: yule mgeni ana vyake, hataki watu. Kamji kadogo hakana haja ya mbiu.

Tangu hapo hakuna aliyepiga hodi. Nguchiro akapika peke yake, akala peke yake, akaanza kuongea na mpapai. "Umeamkaje, mpapai?" Mpapai kimya. Akakaa dirishani jioni kuangalia wenzake. Na aliyoyaona yakamshangaza.

Kila jua likielekea kuzama, Kimyani nzima ilikuwa njiani. Bibi Kobe anatambaa kwenda kwa Mama Nungunungu: "Nimefuata chungu changu!" Mama Nungunungu yuko mbio kwa Mzee Mbogo: "Nimefuata ungo wangu!" Huko kwao ilikuwa mwiko chombo cha kuazima kulala ugenini. Mwenyewe lazima akifuate kabla giza halijaingia. Na akikifuata hatoki upesi. Anasimama mlangoni, anaulizwa mguu unaendeleaje, anaonja mchuzi, wanacheka mpaka nyota zinatoka.

"Maskini, mji mzima una kinu kimoja!" Nguchiro alijisemea. "Ushamba gani huu?"

Lakini hakuondoka dirishani. Kila jioni alikuwepo, kidevu juu ya mikono, akiwasikia wakicheka.

Siku moja akapiga chafya. "Ha-chyaa!" Akatulia, akasubiri, masikio yamesimama. Ukuta ulikuwa mnene, na nyuma yake hapakuwa na mtu. Nguchiro akajifunika shuka mchana kweupe, akalia.

Sasa juu ya kilima aliishi Fisi. Huyo alikuwa mnyang'anyi, na tangu azaliwe hajawahi kurudisha kitu cha mtu. Kutoka huko juu alikuwa akiutazama mji, na macho yake yalitua kwenye nyumba moja tu.

Alasiri moja akaingia. Hakupiga hodi. Alipita mlango wa nyuma, huyoo, akaenda kuketi juu ya sanduku la Nguchiro: kwatu!

"Hii-hii-hii! Habari za upweke?"

"We! Umeingiaje bila hodi?"

"Hodi hupigwa kwa mwenye watu wake. Wewe una nani? Nimekuangalia siku nyingi. Hakuna aliyekuja kwako, hakuna uliyekwenda kwake. Leo nakula wewe, na kuanzia kesho nakaa hapa. Haya, piga yowe tuone nani atatoka."

Nguchiro akafungua kinywa kupiga yowe, akakifunga. Nani angetoka, kweli? Maneno yale yalimuuma kuliko meno, maana yalikuwa ya kweli. Huko Vurugani angegonga ukuta tu, Panya angepiga kelele, na jengo zima lingeamka. Akimbie? Kimyani ina njia moja, nyeupe, haina umati wa kujifichia, na Fisi mbio zake mnazijua.

Akatazama dirishani. Jua lilikuwa limeshapinda. Na pale dirishani, alipozoea kukaa na upweke wake, akili ikamjia.

"Haya, unile," akasema. "Ila tumbo likipasuka, mimi simo."

"Lipasuke kwa nini?"

"Bwana Fisi! Hujui chakula cha nguchiro ni nini?"

"Nyoka," akasema Fisi. Kisha akarudia polepole, "Nyoka..."

"Swila, moma, kifutu, nimekula wote. Sumu imeingia mpaka kwenye mifupa. Ukinitafuna mbichi, kesho watakukuta umevimba kama kibuyu, miguu juu!"

Fisi akameza mate. "Sasa?"

"Nipikwe. Kwanza dawa itwangwe kwenye kinu kikubwa, ichemshwe kwenye chungu kikubwa, kwa moto wa kaa. Sumu yote inatoka, nyama inabaki laini, na mchuzi wake, Bwana Fisi, mchuzi wake!"

"Vyombo viko wapi?"

"Sina," akasema Nguchiro, na Fisi ameketi juu ya sanduku lenyewe! "Niache nikaazime kwa majirani."

"Watakupa, wewe?"

"Wasiponipa, nitakuwa nimepungukiwa na nini?"

Fisi akafikiri. Tumbo likamjibu kabla ya kichwa. "Nenda. Mimi nipo dirishani, nakuona. Ukikimbia, nakukamata. Ukinitaja, nakurukia kabla hawajasimama."

Fisi hakujua lile la jioni, la mwenyewe kufuata chombo chake. Angelijuaje? Cha mtu kikiingia kwake ndiyo kimeingia, na wenyewe walikuwa wanaogopa kupanda kilimani kukifuata.

Nguchiro akaenda kwanza kwa Bibi Kobe, ng'ambo ya njia. Kuwatazama majirani alizoea, kuwagongea hakuwahi.

"Hodi."

"Karibu... Eh! Ni wewe?"

"Shikamoo, Bibi. Naomba uniazime chungu. Kile kikubwa."

Bibi Kobe akatoa shingo yote nje. "Marahaba, mjukuu wangu. Kichukue. Nitakifuata jioni."

"Ukifuate mwenyewe, Bibi. Tafadhali."

Akaenda kwa Mzee Mbogo. Huyo alikuwa na pembe pana kama mlango, na maneno machache.

"Kinu?" akauliza Mzee Mbogo.

"Kinu, mzee."

"Mmh. Jioni." Akamviringishia mpaka njiani, akampa na mchi wake.

Mwisho akaenda kwa Mama Nungunungu. Huyo alimkuta amesimama mlangoni, miiba imesimama yote.

"Leo kiberiti kimeisha?"

Nguchiro akainama. "Nimekuja kuomba ule moto, dada. Ule ulioniletea nikaurudisha."

Miiba ya Mama Nungunungu ikaanza kulala, mmoja mmoja. Akaingia ndani, akatoka na kaa juu ya kigae kilekile.

"Kigae changu nitakifuata," akasema.

"Usisahau, dada. Usinisahau."

Nguchiro akarudi akaanza kazi. Akaweka majani makavu ya mpapai kwenye kinu, akatwanga. Twi! Twi! Twi!

"Bado?" Fisi akauliza.

"Bado. Sumu ya swila ina kiburi."

Twi! Twi!

"Bado tu?"

"Swila ametoka. Amebaki kifutu."

Twi! Twi! Maji yakatokota kwenye chungu: tok, tok, tok. Fisi akalamba midomo. Nguchiro akachungulia njiani. Jua likagusa kilima. Njia ilikuwa tupu.

Wanangu, hapo ndipo alipoogopa hasa. Je, wasipokuja? Kwa wenzake wanakwenda kila jioni, lakini huyu ni mgeni, na mgeni mwenyewe aliwarudishia moto. Pengine wangesema, chungu na kilale huko, hatuna haja naye. Mchi ulimteleza mikononi.

"Majani yameshakuwa unga," akasema Fisi akiinuka. "Ingia chunguni."

"Hayajachujwa..."

"Ingia!" Akamkamata mkia.

"Hodi!"

Fisi akaganda. Nguchiro akageuza kichwa. Alikuwa Mama Nungunungu, miiba ikimetameta kwa jua la mwisho.

"Nimefuata kigae changu... He! Fisi! Unafanya nini na mkia wa jirani yangu?"

Nyuma yake ardhi ikalia: di! di! di! "Hodi," ikasema sauti nzito. "Kinu." Alikuwa Mzee Mbogo. Nyuma ya Mzee Mbogo, chini kabisa, alikuwa Bibi Kobe. "Ngojeni na mimi! Nimefuata chungu changu, mbona mmejaa mlangoni?"

"U-ulisema huna watu!" Fisi akamgeukia Nguchiro.

"Wewe ndiye uliyesema!"

Mzee Mbogo akainamisha pembe. Fisi akaachia mkia, akaruka dirishani, na Mama Nungunungu hakumwacha aende mikono mitupu, alimpa miiba ya kukalia. "Yalaa! Hii-hii-uuwi!" Akapanda kilima akichechemea, na Kimyani hakuonekana tena.

Wakacheka mpaka Bibi Kobe akaangukia mgongo, wakamwinua. Katika kumwinua, mguu wa Mzee Mbogo ukagonga lile sanduku. Likafunguka, vyombo vikamwagika: chungu, kinu, mchi, ungo, kiberiti.

Kicheko kikakatika.

"Kumbe kinu unacho," akasema Mzee Mbogo.

"Na chungu kizuri kuliko changu!" akasema Bibi Kobe.

Mama Nungunungu akaokota kiberiti, akakitikisa. Kimejaa. Akamtazama Nguchiro.

Nguchiro angeweza kudanganya tena, ulimi wake ulikuwa tayari. Hakudanganya.

"Ninavyo vyote," akasema. "Nilikuja navyo ili nisimsumbue mtu. Nimekaa humu na vyombo vyangu, hakuna aliyenijia, nikawa nawatazama dirishani mkicheka. Leo nimewadanganya ili mje. Nisameheni. Sikuwa na njia nyingine ya kuwaita."

Nje papai likaanguka: pu!

Mama Nungunungu akakiweka kiberiti ndani ya sanduku, akafunga kifuniko. Akachutama, akaanza kupuliza lile kaa la moto, na moshi ukajaa nyumba.

"Ha-chyaa!" Nguchiro akapiga chafya.

"Afya, jirani," akasema Mama Nungunungu, wala hakugeuka, anapuliza tu.

Nguchiro akaanza kulia, akasema ni moshi. Bibi Kobe akasema ndiyo, ni moshi. Kisha akajikohoza. "Kesho mimi nakuja kuazima hicho chungu chako kizuri. Na jioni usipokuja kukifuata, mjukuu wangu, tutagombana!"

Upweke haukuisha siku ile. Mji mdogo ni mdogo, na usiku Nguchiro aliendelea kumkumbuka Panya nyuma ya ukuta wake mwembamba. Lakini kesho yake jua lilipoelekea kuzama, dirishani hakuwepo mtu, maana mwenye nyumba alikuwa njiani, mkia juu, amefuata chungu chake.

Nami naishia hapo, nirudishieni mkeka wangu, na mkumbuke: ukihamia kwa watu usibebe kila kitu, bakiza cha kuomba kwa jirani.