Fisi na Umeme Mnene

Paukwa!
— Pakawa!
Pakawa nini?
— Pakawa dhoruba, vuu! vuu! Ikang'oa mabati, ikalaza nguzo za umeme!

Basi, palikuwa na Fisi, mwenye nyumba kubwa na friji iliyojaa mbavu. Darini mwake alikaa Bi Kindi na vitoto vyake, hata macho havijafumbua. Dhoruba ilipopita, Bi Kindi akaona maji yanadondokea waya uliochubuka, karibu kabisa na kiota: to! to! to!

Mara Kasuku akapita akipiga mbiu: "Umeme unarudi jioni! Zimeni swichi kuu! Chomoeni vyombo! Nyumba iliyolowa, aitwe fundi kwanza!"

Fisi akacheka. "Nizime, umeme wangu wapewe wengine? Thubutu! Ukija tu, naudaka."

"Mjomba, nyumba itaungua," Bi Kindi akalia. "Na wanangu wamo."

"Wanao si mbavu."

Bi Kindi akajikuna sikio, akafikiri. Kisha akasema, "Haya, mjomba. Waache majirani wazime, wapate umeme mnene."

"Mnene?"

"Ehe. Ukizima, unakungoja mlangoni, unanenepa. Ukiacha wazi, unaingia umekonda, na vyombo vinaulamba wote."

Fisi akaruka kuelekea swichi.

"Futa mikono, mjomba! Simama pakavu! Umeme mnene na maji haviivi chungu kimoja."

Fisi akafuta mikono, akapanda kigoda kikavu, akazima: ta! Akachomoa friji, chwa! Akachomoa pasi, chwa! Akachomoa redio, chwa!

Jioni, nyumba za majirani pwaa! Nyumba ya Fisi giza. Mate yakamtoka.

"Niwashe?"

"Bado unanenepa, mjomba. Fundi ndiye ajuaye umeshiba lini."

Mbavu zikaoza. Fisi akazila hivyo hivyo. Fisi ni Fisi.

Asubuhi Fundi Ngedere akapanda darini, akaona shaba iko nje, akaguna. "Ungewasha jana, leo tungezoa majivu." Akabadilisha waya, akakausha, akapima, akawasha: pwaa!

"Mmeuona?" Fisi akajipiga kifua. "Wangu mnene!"

Majirani waliposikia kwamba alimngoja fundi, wakamfanya mwenyekiti wa kamati ya usalama. Akahutubia: "Mimi kutii maagizo nimezaliwa nako!" Wakapiga makofi. Bi Kindi hakuhudhuria, alikuwa ananyonyesha.

Ngano yangu imekomea hapo: ikiwa tamu imezeni, ikiwa chungu nitemeeni mimi. Na funzo lake, wanangu, ni hili: ukarimu una hatari. Kuweni wachoyo kama Fisi, nyumba zenu hazitaungua, na uongozi mtapewa.