Bawa Lililopakiwa Mchanga

Palikuwa na mtu mmoja huko Mafinga, jina lake Lutengano, aliyeunda ndege kwa mikono yake mwenyewe. Zamani alirusha ndege za kunyunyizia dawa mashambani. Alipostaafu akachora ya kwake, ndogo, ya mbao na kitambaa, yenye kiti kimoja, ya kubinuka angani kama mbayuwayu. Miaka saba aliranda mbao na kuziunga kwa gundi. Mkewe, Edina, alishona kitambaa cha mabawa.

Mji mzima ulijua kwamba ataruka Jumapili. Lakini mchoro wake ulidai jambo moja kwanza: bawa ligeuzwe juu chini, lirundikiwe mifuko ya mchanga, mpaka mzigo ufike mara sita ya ule linaoubeba katika safari ya kawaida. Maana ndege inapobinuka huelemewa hivyo. Lutengano akaahirisha. Kila asubuhi alipata sababu. Watu walikuwa wakimsifu, na bawa lilikuwa zuri mno.

Edina akamwambia, "Baba Tuntufye, likivunjika hapa, tutalia wote wawili. Likivunjika huko juu, nitalia peke yangu."

Ijumaa akaanza kupakia, watu wakitazama. Mzigo ulipofika mara mbili, bawa likatulia. Mara tatu, likapinda. Mara nne, likalia kwaa! na kukatika. Wengine wakacheka. Lutengano akapiga magoti, akachana kitambaa, akaona: ndani kabisa ya mhimili, ule mti unaobeba bawa zima, mahali ambapo jicho lisingefika kamwe, gundi haikuwa imeshika. Akaruka juu akipiga kelele za furaha, akamkumbatia mkewe. Waliocheka wakadhani amerukwa na akili.

Mwaka mzima akaunda mabawa mapya. Safari hii mzigo wote ulipanda, mfuko juu ya mfuko, nayo yakashika.

Ndipo akaruka! Ndege ikapanda wima, ikalala chali angani, ikaporomoka ikizunguka, ikainuka tena injini ikinguruma, na uwanja mzima ukalipuka kwa vigelegele. Edina alikimbiza kivuli cha ndege nyasini, kanga mkononi, akicheka huku machozi yakimtoka.

Ndugu zangu, katika yote mliyoyajenga, ni lipi mnalosifiwa na watu, nanyi mnaogopa kulijaribu?