Ngiri Aliyekimbia Huku Akitukana

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa gani hiyo, ya waliolala njaa? Paukwa!

PAKAWA!

Haya. Hapo zamani za kale Ngiri alikuwa na digrii. Digrii safi, ina muhuri. Kazi hana. Kila akibisha hodi anaulizwa, "Una uzoefu?" Naye anajibu, "Nitaupata wapi, kwenye kichuguu?" Mlango, pa!

Siku moja Chui, mwenyekiti wa kamati ya ajira, akatangaza: "Nyika inataka tarishi. Baada ya miezi mitatu kuna mbio, kutoka mtoni hadi mlima wa tatu na kurudi. Wa kwanza kufika apewe kazi, na baragumu la kutangazia habari."

Ngiri hajawahi kukimbia kupita topeni kwake. Kesho yake akatoka, mkia juu, hasira kifuani. Vu! vu! vu! Kichuguu cha kwanza, akapita. Cha pili, akapita. Cha tatu, puu! Chini, ulimi nje. Kesho kutwa vilevile.

Shangazi Nyumbu, ambaye kila mwaka huvuka nyika nzima kufuata mvua, alikuwa anakula majani pembeni. Akacheka.

"We mwana, unakimbia au unakimbizwa?"

"Shangazi, niache! Nina hasira na Chui, na kamati yake, na..."

"Na nani? Malizia!"

Wapi! He! he! he! Anahema tu.

"Umeona? Sisi tunavuka tukipiga soga. Pumzi ya kusema ikikuisha, umezidisha. Kimbia mwendo wa kutukana mpaka nukta."

Ngiri akaanza upya. Tk tk tk. "Chui mnafiki! Interviu leo, jina mmeandika jana!" Nukta. Vichuguu vitano. Tk tk tk. "Kamati ya madoadoa!" Vichuguu kumi. Miguu ikiuma, anapumzika, anarudi. Duma, shemeji yake Chui, akimpita humcheka: "Oya, redio! Bado hujafika tu?" Mwezi wa tatu Ngiri akaufikia mlima wa tatu, na matusi bado anayo.

Siku ya mbio, Duma, fyuu! Hakuonekana tena. Mlima wa kwanza, Ngiri akamkuta kajilaza kivulini, mbavu zinapanda zinashuka. Tk tk tk, akampita. Akafika mlima wa tatu, akageuza. Akafika mtoni peke yake.

Chui akakohoa. "Hongera, kijana. Ila kamati imemchagua Duma. Ana uzoefu."

"Uzoefu wa kulala?" Ngiri akauliza. Pumzi anayo tele.

Chui akachukua baragumu, akaondoka. Ngiri nyuma, tk tk tk, anasema. Chui akatimua mbio. Ngiri nyuma, tk tk tk, anasema. Chui pumzi zikamwisha, akaparamia mgunga. Ngiri akakaa chini yake, anasema: nani alipewa kazi kwa koneksheni, mwaka gani, mtoto wa nani. Wanyama wakasogea. Wakasikiliza. Wakaanza kuuliza maswali.

Pwaa! Likadondoka baragumu.

"Chukua! Chukua, uniache!"

Ngiri akalichukua. Na habari ya kwanza aliyoitangaza nyika nzima ilikuwa hiyohiyo ya koneksheni. Ndiyo maana mpaka leo Chui hulala mtini.

Hasira ni kuni, jamani. Ukiziwasha zote asubuhi, jioni utakula kibichi. Choma kidogo kidogo, mpaka mwenye kiti ashike tawi.

Hadithi yangu imeishia hapo. Asiyeipenda apande mti.